Kabla ya kununua nepi za kufua, muulize atakayezifua

Binti yangu alipofikisha karibu miezi mitatu, likizo yangu ya uzazi iliisha. Zile siku 84 zilipita kama wiki mbili. Jumapili ya mwisho kabla ya kurudi kazini nilipanga kitandani nepi 12 za kisasa za kitambaa, za rangi tofauti, zenye vifungo vya kubonyeza. Nilizipiga picha nikaziweka WhatsApp. Wenzangu wakanipongeza.

Nilijiona mama mwenye akili. Naandika habari za afya, na kabla ya kununua nilikuwa nimesoma kuhusu aina za vitambaa, bei na ngozi ya mtoto. Swali moja tu sikuliuliza, tena ndilo lililokuwa muhimu: nani atazifua?

Wiki tano baadaye nilikuwa kliniki, mtoto amewiva mapajani na kwenye makalio, akilia kila nikimgusa. Nilikuwa nimempaka mafuta ya mgando kwa wingi, na badala ya kupona, nepi zikaanza kuvujisha. Nikamwambia nesi kwamba ngozi ya mwanangu imekataa nepi za kitambaa.

"Mnambadilisha kila baada ya muda gani?" akaniuliza.

"Saa mbili, tatu hivi."

"Wewe ndiye unayembadilisha?"

Nikanyamaza. Mimi huondoka nyumbani saa 12 asubuhi na kurudi saa moja usiku.

"Na nani anafua?"

Jioni ile nilikaa mkekani na dada anayetusaidia kazi nyumbani. Niliingia na hasira, nikijiandaa kumgombeza. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole: "Dada, nikimbadilisha kama ulivyosema zinafika nane kwa siku. Maji ya ndoo yanaisha kabla sijapika. Nikasema bora akae nayo kidogo."

Kidogo hicho kilikuwa kinafika saa tano. Mtaani kwetu maji hutoka siku mbili kwa wiki, siku nyingine tunanunua kwa madumu. Mimi nilikuwa nimeongeza kazi ya kufua kila siku bila kuongeza maji, bila kuongeza mshahara na bila hata kumuuliza. Nepi hazikuwa na kosa, wala yeye.

Mzazi mwenzangu, ninayoyaandika hapa ni yale ambayo ningependa mtu aniambie kabla ya ile picha ya WhatsApp.

Anza na maji, mikono na kamba

Kabla ya kuuliza bei, jibu maswali matatu. Maji ya kufulia yanapatikana kila siku? Nani atafua siku za kazi, na nani mwishoni mwa wiki? Una mahali pa kuanika penye jua, hasa wakati wa masika?

Kama majibu ni magumu, si lazima uache. Wengi hutumia nepi za kitambaa mchana mtoto akiwa nyumbani, na pampasi usiku au safarini. Hata nepi tatu za kitambaa kwa siku zinapunguza gharama na taka. Asikuambie mtu kwamba ni lazima uchague upande mmoja.

Tukumbuke pia kwamba bibi zetu walilea kwa kitambaa tu. Jina "pampasi" lenyewe limetokana na Pampers, ambayo ilianza kujaribiwa sokoni huko Marekani mwaka 1961, mwaka uleule Tanganyika ilipopata uhuru. Kilichobadilika kwenye kitambaa ni ushonaji, lakini kazi ya kufua imebaki palepale.

Aina utakazokutana nazo

Ya kwanza ni nepi ya mraba ya pamba au ya taulo, ile ya kukunja na kufunga kwa pini, ikivaliwa chini ya kaptura ya nailoni. Ni ya bei nafuu, inafuliwa kirahisi na kukauka haraka kwa sababu ukiikunjua ni kitambaa chepesi. Kwa mtoto mchanga bado ni chaguo zuri sana.

Ya pili ni nepi ya mfuko. Nje ina kitambaa kisichopitisha maji, ndani kitambaa laini, na katikati uwazi wa kuingizia pedi ya kunyonya mkojo. Hii ndiyo inayouzwa zaidi mitandaoni.

Ya tatu ni kava na pedi. Pedi hulazwa juu ya kava bila kuingizwa mfukoni. Mtoto akikojoa, unatoa pedi tu. Kava ukiifuta na kuipunguzia unyevu unaweza kuitumia tena, ila ikiguswa na kinyesi inafuliwa. Kwa nyumba yenye shida ya maji, aina hii inasaidia.

Ya nne ni ile ambayo pedi imeshonewa humohumo. Kuivisha ni rahisi kama pampasi, lakini kwa kuwa ni nene huchelewa kukauka. Wakati wa mvua itakutesa.

Pedi ndiyo yenye kazi

Rangi na michoro ya nje hainyonyi mkojo. Muulize muuzaji pedi imetengenezwa kwa nini.

Maikrofaiba hunyonya haraka na hukauka haraka, lakini ikibanwa hutoa maji, kama sifongo. Ukimbeba mtoto mgongoni kwa kanga, mkojo unaweza kutokea pembeni. Pia isiguse ngozi ya mtoto moja kwa moja, kwa sababu huvuta unyevu wa ngozi na kuikausha. Ikae ndani ya mfuko, au juu yake kuwe na kitambaa kingine.

Pamba hunyonya vizuri, huvumilia maji ya moto na pasi, na inaweza kugusa ngozi. Mianzi hunyonya zaidi lakini huchelewa kukauka. Zile pedi za kijivu zinazoitwa za mkaa wa mianzi, mara nyingi katikati yake ni maikrofaiba. Ule ukijivu kazi yake kubwa ni kuficha madoa.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba pedi mpya za pamba na mianzi hazinyonyi vizuri siku ya kwanza. Zifue na kuzikausha mara kadhaa kabla ya kuanza kuzitumia. Nepi ikivuja wiki ya kwanza, usikimbilie kusema umeuziwa bidhaa mbovu.

Ngapi zinatosha?

Mtoto mchanga anaweza kumaliza nepi 10 hadi 12 kwa siku. Akikua zinashuka hadi sita au nane. Kama mnafua kila siku, kava 12 zinatosha, lakini pedi ziwe nyingi zaidi, 20 na kuendelea. Kama mnafua siku moja na kuacha moja, ongeza kava ziwe karibu 20.

Nepi nyingi za "saizi moja kwa wote" humpwaya mtoto mchanga. Wiki za kwanza tumia za mraba. Hakikisha sehemu ya mbele inakunjwa chini ya kitovu mpaka kikatike na kukauka, kisilowane mkojo.

Ukimvisha, lastiki ikae kwenye mkunjo wa paja kama chupi inavyokaa, isishuke pajani. Kiunoni vidole viwili vipite. Ukiona uwazi kwenye mapaja, itavuja. Alama nyepesi inayopotea muda mfupi baada ya kuvua ni ya kawaida. Alama nyekundu inayobaki maana yake umembana.

Hesabu yetu ya nyumbani

Nitakupa hesabu yetu, nawe uweke bei za mtaani kwako.

Tulikuwa tukitumia pampasi tano kwa siku, tukinunua moja moja kwa Sh500. Kwa mwezi ni Sh75,000. Sasa tunatumia madumu mawili ya maji kwa siku kwa ajili ya nepi, dumu Sh300, jumla Sh18,000 kwa mwezi tukichukulia kwamba yote tunanunua. Sabuni Sh8,000. Pampasi moja ya usiku Sh15,000. Hiyo ni Sh41,000.

Tunabaki na Sh34,000. Lakini baada ya yale mazungumzo ya mkekani tulimwongezea dada Sh15,000 kwa mwezi, kwa hiyo tunachookoa kwa kweli ni Sh19,000. Nepi na pedi za ziada zilitugharimu Sh150,000, maana yake fedha yetu inarudi baada ya karibu miezi minane. Baada ya hapo ni faida, na mtoto wa pili akija faida ni kubwa zaidi.

Matangazo ya nepi hizi hayaonyeshi mstari wa maji wala wa mshahara. Ukiiacha mistari hiyo miwili, unachokiita akiba kinatoka kwenye mgongo wa mtu mwingine.

Hata kwa mazingira, hesabu inategemea ufuaji. Ripoti ya Wakala wa Mazingira wa Uingereza ya mwaka 2008 ilionyesha kuwa kwa matumizi ya kawaida ya nchini kwao, nepi za kitambaa na za kutupa zilikaribiana sana katika hewa chafu zinayosababisha, kwa sababu ya umeme wa kupasha maji na kukaushia. Waliofua nyingi kwa pamoja, wakaanika kwenye kamba na kumvisha mtoto wa pili nepi zilezile ndio waliopunguza madhara kwa kiasi kikubwa. Sisi jua tunalo bure.

Namna ya kufua

Kinyesi kwanza kiende chooni. Wapo wanaoamini kinyesi cha mtoto hakina madhara, lakini hubeba vimelea vya kuhara kama cha mtu mzima. Usikisuuzie kwenye karai la vyombo wala kumwaga maji yake uani. Nawa mikono kwa sabuni kila baada ya kumbadilisha mtoto.

Suuza nepi mapema kwa maji ya baridi, kisha iweke kwenye ndoo kavu yenye mfuniko. Usiloweke nepi siku mbili. Zinaoza na kuharibu lastiki. Zaidi ya hapo, ndoo ya maji ni hatari. Mtoto anayetambaa au anayejifunza kusimama anaweza kuzama kwenye maji machache tu ya ndoo, kichwa kikitangulia. Nyumba yenye mtoto isiwe na ndoo ya maji iliyoachwa wazi.

Fua kwa sabuni ya unga ya kawaida, ya kutosha, na suuza hadi povu liishe. Kama mnatumia maji ya kisima yenye chumvi, mmeona jinsi sabuni ya mche inavyokataa kutoa povu na kuacha utando. Utando huo hukaa kwenye pedi na kuifanya isinyonye. Mvua ikinyesha, kinga maji ya bati kwa ajili ya nepi.

Usitumie dawa ya kulainisha na kunukisha nguo, kwani huipaka pedi utando unaozuia kunyonya. Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe huharibu kava. Nepi ikitoa harufu kali ya mkojo inayochoma macho, ina mabaki ya mkojo na sabuni: fua pedi kwa maji ya moto, kisha suuza mara nyingi.

Jua, pasi na wale inzi

Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa nguo za mtoto zipigwe pasi, na sababu ipo. Kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au chini kwenye mchanga. Funza wake huingia kwenye ngozi na kuota uvimbe kama jipu. Joto la pasi huua mayai hayo.

Tatizo ni kwamba nepi ya kisasa haipendi pasi. Kava ikipigwa pasi ya moto, utando unaozuia maji huharibika, na maikrofaiba huyeyuka. Tulichofanya sisi ni hiki: pedi za pamba na nepi za mraba tunazipiga pasi, hadi kwenye mishono. Kava tunazianika juu kwenye kamba, juani kabisa, na kuzitoa mara zikikauka. Siku ya mawingu tunazianika ndani, kwenye chumba chenye nyavu madirishani. Kamwe hatuaniki kwenye majani wala juu ya ua.

Nepi za sandukuni

Mama yangu aliposikia habari za nepi alinitumia zile za mraba alizonivisha mimi, nyeupe, zimekunjwa vizuri. Nilifurahi hadi nilipofungua mfuko na kusikia ile harufu: vidonge vyeupe vya kufukuzia mende na nondo.

Hapa naomba tusikilizane. Vingi vya vidonge hivyo vina kemikali iitwayo nafthalini. Kwa watoto wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kurithi inayopatikana sana kwenye maeneo yenye malaria, ikiwamo pwani yetu, nafthalini inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Mtoto mchanga anaweza kupata manjano kali na upungufu wa damu, na wazazi wengi hawajui kama mtoto wao ana hali hiyo.

Usihifadhi nguo, shuka wala nepi za mtoto na vidonge hivyo. Ukirithi zilizokaa navyo, zifue zaidi ya mara moja na kuzianika juani hadi harufu iishe kabisa. Ikigoma kuisha, zifanye za kufutia meza. Mtoto akiwa na macho ya njano, amepauka au mkojo wake ni mweusi kama soda, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Upele ukitokea

Upele mwingi wa nepi huletwa na unyevu, msuguano na kinyesi kukaa kwenye ngozi. Dawa ya kwanza ni kubadilisha mara kwa mara, mchana kila baada ya saa mbili au tatu, na mara moja akipata choo. Msafishe kwa maji, mkaushe taratibu kwa kumgusagusa, mwache akae bila nepi kwa muda. Mafuta ya mgando au krimu ya zinki ipakwe tabaka la kukinga ngozi, na juu ya pedi weka kitambaa chepesi ili mafuta yasiigandie na kuizuia kunyonya. Hilo ndilo kosa lililofanya nepi zangu zivuje.

Upele mwekundu sana ulioingia kwenye mikunjo, wenye vidoa vidogo vimeuzunguka, huenda ni fangasi na unahitaji dawa yake. Usinunue dukani krimu za mchanganyiko zenye steroidi bila ushauri wa mtaalamu. Chini ya nepi huchubua na kudhoofisha ngozi. Poda pia iache, mtoto huivuta kifuani. Upele usiopungua baada ya siku mbili au tatu, wenye malengelenge, usaha au unaoambatana na homa, upelekwe kituo cha afya.

Faida moja ya kitambaa ni kwamba unajua mtoto amekojoa. Baada ya siku tano za mwanzo, nepi sita au zaidi zilizolowa kwa siku ni dalili kwamba anapata maziwa ya kutosha. Zikipungua na mkojo ukawa wa rangi nzito, usisubiri kliniki ya mwezi ujao.

Tulivyokubaliana

Mkekani pale tulipanga upya. Pipa la maji ya nepi ni la nepi tu, lina mfuniko, na maji yake hayaingii kwenye hesabu ya kupikia. Dada anambadilisha mtoto bila kuogopa zitakuwa ngapi. Baba yake anafua Jumamosi na Jumapili. Wiki ya kwanza majirani walichungulia, sasa wamezoea. Mimi nasuuza za jioni. Usiku mtoto analala na pampasi, na sina aibu nayo.

Upele ulipungua ndani ya siku nne, na wiki haikuisha ukawa umekwisha.

Mwezi uliopita tuliongeza nepi sita. Safari hii nilikwenda sokoni na dada. Nilishika zenye michoro ya twiga. Yeye akageuza moja baada ya nyingine, akapima pedi kwa vidole, akazirudisha, akachagua kava za rangi moja na pedi za pamba. "Chukua hizi, dada," akasema. "Hizi zinakauka."

Nikalipa.